Celica GT-Four RC: ichunguze kwanza, kisha uiboreshe
Ndugu, hongera. Umeuliza kama Celica uliyonunua ni RC ya kweli, yaani toleo maalumu la rali, na kama uifunge tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa) kubwa zaidi.

Anza na historia. Toyota ilitengeneza magari 5,000 tu ya toleo hili la ST185 (namba ya muundo wa Celica hii) ili iruhusiwe kushindana kwenye rali. 1,800 yaliuzwa Japani kwa jina la RC. Soma kibati kilichomo ndani ya boneti, ulinganishe namba ya chasisi na kadi ya gari na cheti cha kufutiwa usajili Japani. Kisha tazama injini: RC hupoza hewa ya tabo kwa maji, GT-Four ya kawaida hupoza kwa upepo. Usiamini umbo la boneti peke yake, hubadilishwa kirahisi.

Tabo kubwa? Bado, nakusihi. Badilisha kwanza mkanda wa taimingi, mipira ya maji na pampu ya maji yanayopoza hewa ya tabo, halafu breki. ST185 zilishinda Safari Rally mfululizo 1992 hadi 1995, na mwaka 1994 dereva alikuwa Mkenya, Ian Duncan! Historia hiyo ndiyo thamani ya gari lako, kwa hiyo chochote cha asili atakachokitoa fundi, kitie kwenye boksi, andika tarehe, ukihifadhi nyumbani, si gereji.