Ile kwaya ilikuwa ya redio

Mdogo wangu, nimeshika simu saa nne usiku nikakuta kundi la familia limejaa ujumbe, na karibu wote unanihusu mimi. Eti kaka yuko kanisa kubwa, hebu sikilizeni kwaya hiyo, Krismasi ya Uingereza si mchezo. Mama mdogo kapiga vigelegele. Mwingine kaandika "wenzetu mmeula". Nawe uliyesambaza ule ujumbe wangu wa sauti umeongeza la kwako, kwamba mwakani nikuvute.

Ile kwaya ilikuwa ya redio. Redio ya mzee wa miaka 91, iko juu ya kabati pembeni ya kitanda chake, na mkononi mimi nilikuwa na pampasi.

Niwasimulie siku yenyewe kwa masikio, maana cha kuona huku Desemba hakipo. Jua linachomoza saa mbili na ushee asubuhi, na saa kumi jioni haijafika limeshazama. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya benki, ambayo kwa mwisho huu wa mwaka haina kazi nyingine. Redio ya gari ikawaka kwenye utabiri wa bahari wa BBC Radio 4. Unasomwa taratibu, kama mtu anayeita mahudhurio: Dogger, Fisher, German Bight, Humber, Thames, Dover. Maeneo 31 ya bahari, kila moja na upepo wake. Nilipofika, Juni 2024, Kiingereza cha huku kilikuwa bado kinanipita, na wiki ya kwanza nilidhani ni kipindi cha salamu. Nikasema kumbe na wao wanatumiana kadi! Nikakaa nasubiri huyo Fisher atamsalimu nani.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mteja wa kwanza ni bibi aliyeanza kusahau. Redio yake inapiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba, katikati matangazo ya manukato na makochi ya bei ya punguzo. Kila nikiingia ananiuliza kama Krismasi imeshafika. Namjibu ni kesho. Dakika tano baadaye ananiuliza tena. Simlaumu hata kidogo, redio imemwambia ni Krismasi kwa wiki sita mfululizo.

Wa pili, wa tatu, wa nne siwaelezi. Ni kuogesha, kuvalisha, dawa, chai, kuandika kwenye simu kwamba nimefika na nimetoka. Kila nyumba dakika 30. Nimetoka kwangu kabla ya mapambazuko nikarudi saa tatu usiku, na saa zilizohesabiwa ni 9. Kima cha chini cha mshahara mwaka huu wa 2025 ni pauni 12 na peni 21 kwa saa, pigeni hesabu: pauni 109 na peni 89, kodi bado haijakatwa. Sheria inataka muda wa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine nao uingie kwenye hesabu ya kima cha chini. Niliuliza ofisini mara moja. Nikaulizwa kama nakumbuka cheti changu cha udhamini, ile hati ya mwajiri iliyonipatia viza, kimetolewa na nani. Nakumbuka. Udhamini ukifutwa, unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine au ufungashe virago. Sikuuliza tena.

Katikati ya nyumba na nyumba naweka redio ya nyumbani sikioni, kwa intaneti. Mnakumbuka baba alivyokuwa akinyamazisha nyumba nzima asikilize Idhaa ya Kiswahili ya BBC? Mtu akikohoa anatolewa nje. Yeye alikuwa huko anaitegea London, mimi niko huku natafuta sauti za huko, na zikianza kusomwa taarifa za vifo natoa mguu kwenye mafuta, tumbo joto, mpaka orodha iishe.

Sasa kwaya. Kila tarehe 24 Desemba, saa tisa alasiri, redio inarusha ibada kutoka kanisa la King's College, Cambridge. Ilianza kurushwa 1928. Inafunguliwa na mtoto mmoja, anaimba peke yake bila kinanda. Mzee aliniambia watoto hawajui nani ataanza, mwalimu anamnyooshea mmoja kidole dakika ya mwisho, ili mtoto asipate muda wa kuogopa. Nilipofika alikuwa amechafuka tangu mchana, na saa ya ibada ilikuwa imetimia. Nikataka kupunguza redio tuongee vizuri. Akanishika mkono, akasema tafadhali, iache. Basi nimemgeuza, nimemsafisha, mtoto anaimba, mzee amefumba macho ameshika chuma cha kitanda, anafuatisha kwa midomo. Ana mtoto wa kiume, yuko Australia. Atapiga simu kesho.

Hapo ndipo palinichoma. Mwenzangu yuko ughaibuni kama mimi, na baba yake nimemshika mimi. Mama yetu asubuhi ya leo nani kamsaidia kuoga, na magoti yale? Ni wewe. Mimi nalipwa kwa kazi ambayo wewe unaifanya bure, halafu nikituma hela kila mtu ananipongeza kwa kumtunza mama. Wewe hupongezwi na mtu, unaambiwa "wenzako wako majuu".

Na nikiri jambo moja kabla sijalala. Nilipokutumia ule ujumbe wa sauti nilikuwa jikoni nasuuza beseni. Mlango nimeuacha wazi makusudi. Nilitaka msikie. Kwa hiyo mkisema nimewadanganya, sibishi.

Kuhusu kukuvuta: acha. Njia hii niliyopitia mimi ilifungwa 22 Julai 2025, hawachukui tena walezi kutoka nje ya nchi. Yule anayesema ana cheti cha udhamini cha kukuuzia anakuuzia hewa, na hata kilipokuwepo hakikuwa kitu cha kuuzwa. Usimpe hata senti. Usiuze kiwanja. Mimi mwenyewe nilikuja miezi 3 baada ya walezi kukatazwa kuja na familia, nikajipa moyo kwamba watabadilisha. Shemeji yako ananiona kwenye kioo cha simu mwaka wa pili huu.

Ila umewahi kutaja uuguzi. Soma huo uuguzi, ada nitalipa mimi, hilo nalisema nikiwa timamu. Wauguzi bado wana njia. Ukipata, njoo, chumba changu tutagawana, na nitakuonyesha maduka ya mitumba yenye makoti ya maana. Hapana, usije. Nani atabaki na mama? Ona, ndivyo ninavyokesha, nakuita na kukufukuza ndani ya pumzi moja. Soma kwanza. Na ule ujumbe ufute kwenye kundi, au uache, mama mdogo asije akaona aibu kwa vigelegele vyake.

Kesho niko kazini. Treni hazitembei kabisa tarehe 25, maduka makubwa yamefungwa, lakini wazee wanachafuka kama siku zote. Saa kumi na mbili jioni ya kwenu msinipigie, huku ni saa tisa na mfalme anahutubia, mzee hakosi hata mwaka mmoja. Nitapiga mimi usiku, niko chumbani. Mkisikia kitu kinanguruma nyuma yangu, hilo ni friji.