Rubani anaijuaje ndege nyingine inayokuja mbele yake?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nikisafiri usiku nachungulia dirishani naona giza tupu, sasa najiuliza rubani anajuaje kuna ndege nyingine inamjia? Nasikia puani mwa ndege kuna rada, ndo hiyo inayoona wenzake au kuna kitu kingine?

JIBU: Rada ya puani ipo kweli, ila kazi yake ni hali ya hewa, inatafuta mvua na mawingu ya radi, haijawekwa pale kutafuta ndege. Macho nayo hayatoshi hata mchana kweupe, manake ndege mbili zikija uso kwa uso kila moja na kilomita 900 kwa saa zinakaribiana nusu kilomita kila sekunde, yaani ukiiona ikiwa kilomita 10 umebakiwa na sekunde 20 tu, na mbaya zaidi ile itakayokugonga haihami kwenye kioo, inakaa palepale kama kidoa alafu ghafla inakuwa kubwa.

Kinachookoa ni kwamba ndege zenyewe zinaulizana. Ndege kubwa za abiria zina transponda, kifaa cha redio kinachojibu kikiulizwa, na zina mtambo wa TCAS ambao muda wote unatuma maswali hewani kwa megahezi 1030, transponda za jirani zinajibu kwa 1090 na kutaja zipo urefu gani, mtambo unapima jibu limechukua muda gani kurudi, unapata umbali na kumchorea rubani kwenye skrini. Hali ikiwa mbaya unaanza kutahadharisha kwa sauti kwamba kuna ndege karibu, isipotengemaa unatoa amri kabisa, panda! au shuka! Hapo ndo utamu wa huu mtambo ulipo, kwa sababu mitambo ya ndege zote mbili inakuwa imeshakubaliana, mmoja ukisema panda mwingine unasema shuka.

Ila lazima utiiwe. Tarehe 1 Julai 2002 juu ya Überlingen, Ujerumani, muongoza ndege aliiambia Tupolev ya Urusi ishuke wakati TCAS yake inasema panda, marubani wakamfuata muongoza ndege aliyekuwa ardhini, na Boeing ya mizigo ya DHL nayo ilikuwa inashuka kwa kutii mtambo wake. Zikagongana, wakafa watu wote 71. Kanuni za kimataifa sasa zinasema wazi kwamba mtambo ukishatoa amri rubani anaufuata huo hata kama muongoza ndege anasema kinyume, na mi naona ni sawa kabisa, yule wa chini haoni kile mitambo imepatana.

Na transponda ikizima je? Mtambo hauioni hiyo ndege. Septemba 2006 huko Brazil, ndege ndogo ambayo transponda yake ilikuwa haitoi mawimbi iligongana na Boeing 737 ya Gol, hakuna mtambo uliolia kwenye ndege yoyote, watu 154 waliokuwa kwenye Boeing wakafa wote. Ndo maana kabla ya kuruka marubani wanahakikisha transponda na TCAS vimewashwa.