Kiingilio cha Hagia Sophia, Istanbul
Je, mtalii analipa kuingia Hagia Sophia, lile jengo la kale lililokuwa kanisa, kisha msikiti, kisha makumbusho, au ni bure kama wengi wanavyosikia? Ndiyo, mtalii wa kigeni analipa: euro 25, tangu Januari 2024. Habari kwamba ni bure ilikuwa kweli kuanzia 2020, jengo liliporudishwa kuwa msikiti, hadi utaratibu huu mpya ulipoanza. Sasa ukumbi wa chini ni wa wanaoswali, nao hawalipi. Mtalii anapitia mlango wake na kupandishwa roshani ya juu.

Usisikitike kuwekwa juu. Mozaiki (picha za vijiwe vya rangi) nzuri kuliko zote ziko huko, hasa ile ya Yesu katikati ya Maria na Yohana Mbatizaji. Imebanduka sehemu kubwa ya chini lakini nyuso zimebaki, na kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kulipia tiketi. Kwenye ukingo wa marumaru kuna pia maandishi yaliyochongwa na Waviking, mabaharia wa kale wa Skandinavia. Na kutoka pale unaliona kuba lile kwa ukaribu ambao walio ukumbi wa chini hawaupati. Jengo lilikamilika mwaka 537, zamani za Justinian, mfalme wa Bizanti!

Ijumaa mchana usiende, watalii husimamishwa kwa ajili ya swala. Mwanamke abebe mtandio, na kaptula iache hotelini.

Kama bajeti ni ndogo, Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara 6 uko ng'ambo ya bustani na ni bure kabisa, ila nao hufungwa kwa watalii nyakati za swala. Bei hubadilika, kwa hiyo hakikisha kabla ya kusafiri.