Nyangumi hawahesabiwi kama mbuzi zizini

Umeuliza watafiti wanaohesabu nyangumi baharini wanajuaje hawajamhesabu nyangumi yuleyule mara mbili. Kwa picha, ndugu yangu. Nyangumi nundu akizama huinua mkia, na upande wake wa chini una mabaka meusi na meupe ambayo mwenzake hana, kama alama za vidole. Pomboo hutambulika kwa mapengo na makovu ya pezi la mgongoni. Msimu ujao wakipiga picha tena, wanaangalia wangapi wamejirudia, na hapo ndipo idadi yote hukadiriwa. Nyangumi wanaozama kina kirefu husikilizwa kwa maikrofoni za majini. Lakini inataka subira kweli: jike wa nundu hubeba mimba karibu mwaka mzima na huzaa ndama mmoja tu, hivyo hesabu ya mwaka mmoja haikuambii kama wanaongezeka au wanaisha.