Kusi, Umande na Saa ya Kurudi Bandarini

Anayejifunza kuendesha mashua Mombasa huambiwa mapema kwamba Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi Machi, na Kusi tangu Mei hadi Septemba hivi, naye huridhika kana kwamba amekwisha kuujua upepo. Mimi niliridhika hivyo miaka miwili. Ushauri wangu ni kwamba jina la msimu likuonyeshe upepo unatoka wapi, lakini nguvu zake uzitafute katika saa za siku.

Alfajiri nchi kavu huwa imepoa kuliko bahari, ndipo huja umande, upepo mwepesi wa kutoka bara, nao hupunguza makali ya Kusi. Jua likishapanda na ardhi ikapata moto, hewa ya baharini huvutwa kuingia ndani, ikajiunga na upepo wa msimu, na kufikia saa nane mchana mtu akiitazama minazi ya Nyali ilivyoinama hana haja ya kuuliza.

Kisha kuna maji, ambayo mimi niliyasahau. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari yetu hujaa karibu na saa kumi alasiri, na wavuvi wenye busara huingia pamoja nayo. Julai moja tulikawia miambani kwa tamaa ya samaki (changu watatu, wala si wakubwa), tukafika mlango wa Bandari ya Kale saa kumi na mbili kasorobo, maji ya kupwa yakitoka kwa kasi na Kusi ikiingia. Upepo haukuwa umezidi hata kidogo, lakini mawimbi yaliyokuwa marefu na ya upole kule nje yalisimama wima na kukaribiana, moja likapanda tezini, nyuma ya mashua, na mwenzangu akafua maji kwa ndoo ya chambo mpaka tulipoipita Ngome ya Yesu. Kwa hiyo, kabla ya kutweka tanga, hesabu kwanza saa ya kurudi.

Malelezi, pale misimu inapopokezana mnamo Aprili na Novemba, yana hila nyingine: shwari ya saa nzima, halafu wingu jeusi na upepo wa ghafla kutoka upande usioutarajia. Wakati huo chukua makafi mawili na maji ya kunywa, na ukiliona wingu, tua tanga kabla halijakufikia.