Vinyl ilikuwa na hadithi mkononi, ikaenda kutafuta maiti

Mleta mada kauliza swali la haki: Vinyl, tamthilia iliyobebwa na mwongozaji wa filamu Martin Scorsese na Mick Jagger wa Rolling Stones, ikapewa fedha za HBO, televisheni ya kulipia ya Marekani, na New York ya mwaka 1973, inawezaje kuwachosha watu hadi ikafutwa baada ya msimu mmoja? Wengi mliotangulia mmesema kokeini ilizidi, kelele zilizidi, na mwigizaji aliyejifanya mwanamuziki David Bowie hakumshawishi mtu. Sibishi. Ila hasira yangu mimi inatoka kwingine, inatoka kwenye kazi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa Kariakoo kwa msambazaji wa kanda, stoo, enzi zile Bongo Fleva imeanza kuuza na CD bado ni za wenye nazo. Vinyl ni tamthilia kuhusu watu wa upande wangu wa meza. Ndiyo maana niliisubiri kwa hamu, na ndiyo maana iliniudhi.

Kwa ambao hawajaiona: Richie Finestra (Bobby Cannavale) anamiliki American Century, kampuni ya rekodi iliyochoka. Wasanii wanaouza wamebaki wachache, hesabu zina harufu, na Wajerumani wa PolyGram wanataka kuinunua. Kipindi cha kwanza, alichokiongoza Scorsese mwenyewe, kilirushwa 14 Februari 2016 na kilikaribia saa mbili. Wiki haijaisha HBO wakaidhinisha msimu wa pili. Aprili Terence Winter, kinara wa uandishi, akaondoka, akaletwa Scott Z. Burns. Juni wakafuta kila kitu. Iliripotiwa kwamba kipindi hicho cha kwanza peke yake kilikula dola milioni 30, na usiku ule kilitazamwa na watu kama 764,000. Hata mtu wa stoo anaona hapo hesabu haikai.

Kilichoniuma ni kwamba humo ndani biashara ya muziki imo. Imeandikwa, ina waigizaji wazuri, ina vifaa. Halafu kila inapokaribia kunoga, waandishi wanaikimbia.

Chukua Buck Rogers, mmiliki wa vituo vya redio anayechezwa na Andrew Dice Clay. Kakasirika, kasusia rekodi za American Century, hapigi hata moja. Kwa mtu aliyefanya kazi hii, huo peke yake ni msimu mzima. Redio ikikufungia umekufa. Unambembelezaje mtu wa namna ile? Unampa nini, nani apeleke, na nani ashuhudie? Marekani Bunge lilishawahi kulichimba suala la kuwahonga watangazaji kati ya 1959 na 1960, likamzamisha mtangazaji maarufu Alan Freed na kuzaa sheria ya 1960 dhidi ya hongo hizo. Na mwaka huohuo wa 1973 ambao Vinyl imeuchagua, wachunguzi walirudi tena kwenye kampuni za rekodi, na mwezi Mei Clive Davis, bosi wa kampuni ya rekodi ya Columbia, akafukuzwa akituhumiwa kutumia vibaya fedha za ofisi. Waandishi walikuwa na mwaka sahihi, mji sahihi na mtu sahihi. Wakamuua Buck kwenye kipindi cha kwanza, Richie mwenyewe akihusika.

Kuanzia hapo tunafuatilia maiti. Wapelelezi wanakuja ofisini, Richie anatoa jasho, Richie anavuta unga, wapelelezi wanarudi. Vipindi tisa. Habari za kuua mtu na kuficha mwili tumeziona katika tamthilia nyingine zilizofanya vizuri zaidi, tena bila kutuahidi muziki.

Kuna aliyesema humu kwamba bila mauaji ingekuwa ya wahasibu, nani angetazama? Ngoja nikusimulie.

Kwetu msanii alikuja na masta yake, yaani rekodi halisi ya kudurufia, kutoka studio, akakaa kiti cha plastiki mbele ya meza. Bosi alisikiliza wimbo mmoja, mmoja na nusu, akauliza upi umeshaanza kupigwa redioni. Bei ikatajwa. Njia zilikuwa mbili: auze masta jumla, achukue fungu lake aondoke, au alipwe kwa kila kanda itakayouzwa. Wenye njaa walichukua ya kwanza, na wengi walikuwa na njaa. Waliojiona wajanja walichukua ya pili, na mchezo ulianzia hapo, kwa sababu mashine ya kudurufu iko ndani, ufunguo anao bosi, na msanii kalala kwake Tandika hajui usiku zimetoka kanda ngapi.

Akatokea kijana mmoja mwenye akili. Kava alichapisha mwenyewe, akazigonga muhuri moja moja, akatuletea maboksi kwa idadi. Hesabu yake nyepesi: bila kava kanda haiuziki, kwa hiyo kava ndiyo itakayohesabu kanda. Bosi akacheka, akakubali. Haukupita muda mrefu kijana akaenda kwenye shoo Mwanza, akanunua kanda yake mwenyewe dukani. Kava haina muhuri. Akarudi nayo Dar, akaja moja kwa moja, akaiweka mezani na kukaa kimya. Bosi akaigeuzageuza, akasema hizi za maharamia. Na maharamia walikuwepo kweli, walitutesa hata sisi. Lakini gamba la kanda ile lilikuwa lilelile jeupe tulilokuwa tukiagiza, na mimi niliyekuwa nikiyapokea magamba yale kwenye maboksi nilikuwa nimesimama palepale na daftari la stoo mkononi. Kijana akanitazama. Bosi naye akanitazama.

Hakukuwa na bastola wala polisi. Mniambie kama hamtaki kujua ilivyoendelea. (Niliangalia chini. Mshahara ulikuwa Jumamosi.)

Kitu cha namna hiyo Vinyl wanacho! Ni Lester Grimes, anayechezwa na Ato Essandoh, na kwangu ndiye mtu bora kwenye tamthilia nzima. Mwimbaji wa bluzi aliyegunduliwa na Richie zamani, akabadilishwa jina kuwa Little Jimmy Little, akaimbishwa nyimbo nyepesi za kuchezea twisti kwa ahadi kwamba zikiuza ataruhusiwa kurudi kwenye bluzi yake. Richie akaondoka kwenda kuanzisha kampuni yake, akamwacha Lester na mkataba wake mikononi mwa wahuni. Lester alipokataa kuendelea, wakampiga hadi wakamharibu koo. Mtu aliyekuwa na sauti, sauti ikaisha. Miaka baadaye Richie anataka kumpoza kwa kumrudishia tepu zake za zamani, na Lester anazitia moto mbele yake. Hapohapo yanapita mavulana ya Nasty Bits, bendi changa inayokaribia kusaini na Richie, na Lester, ambaye hana cha kupoteza, anajikuta ndiye mtu wa kuwaambia kalamu wasiishike kwanza.

Niliposikia hivyo nilikaa vizuri kwenye kochi. Nikasema sasa tumefika. Aliyeibiwa anakuwa meneja, anaujua mkataba kwa makovu, na mwizi wake ndiye wa kujadiliana naye. Kuna kipindi, cha nane kinachoitwa E.A.B., ambapo anawashikia gitaa vijana wale na kuwaonesha kwamba nyimbo chungu nzima walizozisikia zimejengwa juu ya kodi (chords) zilezile tatu za gitaa. Dakika chache tu. Hakuna aliyeuawa, na ndilo tukio ambalo hata wakosoaji wakali walilisifu. Halafu tunarudishwa kwa wapelelezi.

Najua utetezi utakuwa upi: mafia walikuwepo kweli kwenye rekodi. Walikuwepo. Morris Levy wa Roulette Records alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na watu hao, na 1988 alitiwa hatiani kwa njama ya kudai fedha kwa vitisho. Lakini tazama kesi yenyewe ilihusu nini. Kulikuwa na shehena ya mamilioni ya rekodi za mabaki kutoka MCA, zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Mnunuzi alipofungua mzigo akakuta zile nzuri zimeshachomolewa, akagoma kulipa, akapigwa. Yaani hata mafia halisi ugomvi ulianzia kwenye ankara na mzigo pungufu. Mtu wa stoo akiisoma kesi ile anatikisa kichwa, anaijua. Wenzetu wa Vinyl wakachukua kipigo, ankara wakaitupa.

Kuhusu hao wasanii wa kuigiza. Bowie, Robert Plant, Alice Cooper, Lou Reed, Elvis, John Lennon, wote wanapitishwa mbele yetu wakiwa wamevaa mawigi. Lengo lilikuwa kutupa enzi, matokeo yake kila dakika ishirini unakumbushwa kwamba hawa ni waigizaji. Bowie ilikuwa bahati mbaya zaidi, mwenyewe alifariki Januari 2016 na kipindi kikatoka Machi watu bado na majonzi. Na wale wanaojua historia waliudhiwa na mwisho wa kipindi cha kwanza, pale jengo la Mercer Arts Center linapomwangukia Richie huku bendi ya New York Dolls ikiwa jukwaani. Jengo lilianguka kweli, 3 Agosti 1973, na watu wanne walikufa. Ila lilianguka jioni, saa kumi na moja hivi, bila New York Dolls jukwaani. Mimi hilo halinisumbui sana, tamthilia si gazeti. Linalonisumbua ni kwamba walihitaji jengo zima lianguke ili mtu abadili uamuzi wa biashara.

Wakati huohuo kitu cha ajabu kilikuwa kinatokea mjini mle, nao wakakigusa pembeni tu. Clark, yule kijana wa ofisini aliyeshushwa cheo akapelekwa chumba cha barua, anaunganishwa na mwenzake Jorge, na wanaanza kupeleka rekodi kwenye kumbi za dansi badala ya redio. Hii ni kweli tupu. Mwaka ule, bwana wa Cameroon, Manu Dibango, alikuwa na Soul Makossa, wimbo ambao ulikuwa bado haujatolewa Marekani. David Mancuso, aliyekuwa akipiga muziki kwenye sherehe za nyumbani kwake zilizoitwa The Loft, akaupata kwenye duka la rekodi la watu wa Karibiani kule Brooklyn. Watu wakapagawa. Nakala chache zilizokuwepo mjini zikaisha, Frankie Crocker wa redio ya WBLS akaudaka, bendi nyingine zikakimbilia kurekodi matoleo ya kuiga, na kampuni ya rekodi ya Atlantic ikanunua haki za kuutoa. Ukaingia kwenye chati za Billboard, nafasi ya 35. Redio ilikuja baada ya kumbi za dansi!

Kwa mtu wa Bongo hilo ni jambo analolielewa bila kuelezwa. Sisi tulijua kanda itauza siku daladala za Mbagala zilipoanza kuipiga, kabla mtangazaji hajaletewa vocha yake. Dereva alikuwa na nguvu kuliko meneja wa vipindi. Kama ningepewa mimi kalamu, Clark na Jorge wangekuwa nusu ya tamthilia, na Richie angekuwa yule bosi wa ghorofani anayesikia vishindo vya chini na haelewi kwa nini rekodi zimeisha dukani. Tena Oktoba ile ukaja mgogoro wa mafuta, na rekodi za santuri zinatengenezwa kwa vinyl, plastiki itokanayo na mafuta. Malighafi ikawa adimu, kampuni zikapunguza idadi ya rekodi za kutoa. Tamthilia inaitwa Vinyl na msimu wa pili ungekuwa na vinyl imekosekana sokoni, umewekewa mezani bure kabisa.

Wanaosema Empire, tamthilia nyingine ya Marekani kuhusu kampuni ya muziki, iliwazidi, nakubali kwa msimu wa kwanza tu. Cookie anatoka jela baada ya miaka 17, anaingia kwenye kampuni ya Lucious, mume wake wa zamani, iliyojengwa kwa hela yake, na kudai fungu lake. Hapo hakuna wa kuelezwa, kila mtu ana ndugu wa hivyo. Watazamaji waliongezeka wiki kwa wiki msimu wote ule. Baadaye nayo ikapata ugonjwa uleule, milipuko, kutekana, Lucious kupoteza kumbukumbu, na muziki ukawa wa kusindikiza. Tofauti ni kwamba Empire ilikuwa na akiba ya mapenzi ya watu, ikafika msimu wa sita. Vinyl haikuweka akiba yoyote.

Mleta mada, umesema uliishia kipindi cha tatu. Rudi, cheza cha nne na cha nane, mfuate Lester popote anapotokea, na kina Clark na Jorge kila unapowaona. Wapelelezi wakiingia peleka mbele, hukosi kitu. Na yule aliyeuliza kama kuna DJ wetu aliyeitafsiri, sijawahi kuiona. Kijana anayenijazia muvi kwenye flash alinipa ya Kiingereza, akaniuliza kama nina hakika naitaka.