Koo za mimea na vijidudu vya udongo: majibu kwa wasomaji

*Shikamoo mtaalamu. Nyanya zangu zilinyauka, nikabadilisha nikapanda viazi mviringo. Navyo vinanyauka vikiwa bado kijani. Kwa nini? (Msomaji, Lushoto)*

Marahaba. Umebadilisha zao, hukubadilisha ukoo. Nyanya, viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu, pilipili na hata mnavu unaojiotea ni ndugu, na bakteria wa mnyauko huwashambulia wote. Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi, utazame kwa dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, ni yeye. Panda mahindi, vitunguu au kabichi kwa misimu kadhaa, na ung'oe mnavu na maotea yote ya nyanya na viazi, maana ndimo anamojihifadhi. Ila undugu hausemi kila kitu: karanga haina ukoo na nyanya, na bado bakteria huyu huiua.

*Maharage yangu yana vinundu mizizini, soya ya jirani haina hata kimoja. Si zote ni mikunde? (Msomaji, Kitale)*

Ni mikunde zote, lakini vinundu hutengenezwa kwa ushirika na bakteria wa udongo, na kila mkunde una bakteria unaoelewana nao. Soya asili yake ni China, na bakteria wake mara nyingi hawamo kwenye shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Kunde zetu hazichagui sana, soya huchagua. Ndiyo maana watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki iliyoko Nigeria, walizalisha aina za soya zinazoitwa TGx, zinazowakubali bakteria wa udongo wa Afrika. Vinginevyo jirani anunue bakteria wa soya, awachanganye na mbegu kivulini siku ileile ya kupanda, kwa sababu jua huwaua. Soya ikianza kutoa maua, achimbue mche mmoja na kupasua kinundu. Kikiwa chekundu ndani, nitrojeni inatengenezwa. Kikiwa cha kijani au kijivu, hakuna kazi inayofanyika.

*Ninunue ukungu wa mizizi kwa ajili ya sukuma wiki? (Msomaji, Limuru)*

Usitupe pesa. Mimea mingi ya nchi kavu hushirikiana na ukungu huo, ambao huisaidia kufyonza madini, lakini ukoo wa kabichi, ambamo sukuma wiki imo, uliachana nao zamani sana. Weka samadi iliyooza vizuri.

*Mvinje unaota hata kwenye mawe ya matumbawe. Nao ni mkunde? (Msomaji, Kilifi)*

Hapana, ila ni binamu wa mbali. Mikunde na mivinje zimo katika tawi moja kubwa la mimea, pamoja na maboga na mawaridi, na ni katika tawi hilo tu ndimo mimea hutengeneza vinundu vya nitrojeni. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa jamaa wengi wa tawi hilo wamepoteza uwezo huo. Mvinje umebaki nao, ila mshirika wake ni bakteria mwingine kabisa, Frankia. Kwa nguvu hiyo René Haller, mtaalamu wa kilimo, aliweza kuotesha msitu kwenye machimbo matupu ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kuanzia 1971. Ukiotesha miche yako, ponda vinundu vichache vya mvinje mkubwa, changanya na maji, kisha mwagilia kitaluni.